Karata Iliyokunywa Mate

Kazi niliyopewa ni ndogo tu: niseme kama karata hizi ni za kuweka kabatini au ni za kusomea. Neema, binti wa Tanga niliyemfahamu kwenye kundi letu la simu la watu wanaopenda karata za taroti, amechora seti yake mwenyewe, michoro ya njozi, majoka na misitu inayotembea na wanawake wenye nywele za maji. Ameichapisha, na seti ya kwanza kabisa kanitumia mimi huku Shinyanga kwa basi. "Dada, wewe ndiye mwenye jicho," aliniandikia. "Ukisema ni mbovu nitalia kidogo, halafu nitakubali." Mimi nafanya kazi kwenye duka la uchapaji, nashinda na karatasi kutwa, na pale kwenye kundi wananiogopa kwa sababu sijui kusifia kitu kibaya. Basi nikanawa mikono, nikaikausha vizuri, nikafuta meza, nikakaa.

Kwa asiyezijua, hizi si karata za kuchezea. Ni picha. Mtu anazichanga, anazipanga mezani, anazitazama na kujisomea mambo yake. Na sisi tunaozipenda tumegawanyika makundi mawili yanayodharauliana kimyakimya. Kuna wakusanyaji, ambao wanataka seti kamili, safi, kingo hazijachubuka, boksi halina hata alama. Hao ukiishika karata yao kwa mkono wenye jasho umewaumiza. Na kuna wasomaji, ambao wanataka karata inayokubali mkono, inayochangika bila kuteleza hovyo, yenye picha inayokuambia kitu hata kabla hujafungua kijitabu chake cha maelezo. Seti zinazofaa kote kuwili ni chache sana. Nimelisema hilo mara nyingi kwenye kundi, na kila nikilisema kuna mtu ananuna.

Nikaanza na boksi. Zuri. Kingo za karata zimepakwa dhahabu, na huku kwetu tunaishi na dhahabu chini ya miguu na wengi wetu hatujawahi kuishika, kwa hiyo nilizisugua kwa kidole gumba kwa hasira kidogo nione kama itatoka. Haikutoka. Nikazichanga, zinapita vizuri, hazigandani. Nikasema moyoni, huyu mtoto kaweza. Halafu nikazisogeza puani, maana wino mbaya unajulikana kwa harufu, na hapo kazi ikasimama. Neema alikuwa ameniwekea zawadi ndani ya kifurushi, kipande cha sabuni ya kuogea yenye manukato ya waridi, na karata zote zilinukia sabuni hiyo.

Karata zangu za kwanza zilinukia hivyo hivyo.

Mama yangu alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za wageni waliofanya kazi mgodini, upande wa Kahama. Mimi meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Mama mmoja wa kizungu aliyekuwa akifuliwa naye alimaliza mkataba, akarudi kwao, akamwachia vile ambavyo havikuingia kwenye masanduku yake: mashuka, kikaango kisicho na mpini, katoni ya sabuni za waridi, na kiboksi cha karata zenye picha. Mama hakuuliza ni za nini. Alidhani ni za watoto. Alikuja nazo nyumbani zimekaa katikati ya zile sabuni, tukazitandaza kitandani, tukashangaa wote wawili. "Hawa watu wanaota ndoto za ajabu," Mama alisema, na akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya kufua ikaondoka na yule mama. Ndipo Mama akasikia kuna rashi upande wa Kharumwa. Huko dhahabu ikionekana mahali, watu wanamiminika kabla hata ya kuulizana, na hiyo ndiyo rashi; na watu wakimiminika wanataka kula. Akaenda kupika. Mimi alinipeleka kwa bibi, mama yake mzazi, kijijini Samuye. Siku ya kuondoka alinikabidhi kile kiboksi, akainama tukawa uso kwa uso. "Kabula, hizi zitunze. Nikirudi tutaziangalia pamoja, moja moja, na wewe ndiye utakayenieleza kila moja ni nini. Sawa?" Nikasema sawa. Akapanda basi. Sikulia, kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi.

Mtoto naye ana mambo yake. Ukimpa kazi anadhani dunia yote inasubiri aimalize. Mimi niliamini kabisa kwamba kitu pekee kilichobaki kati yangu na kurudi kwa Mama ni mimi kuzijua zile picha. Nikizijua, atakuja. Basi nikaanza kusoma.

Na sikuwa na mwingine wa kukaa naye. Bibi alikuwa mtu wa ng'ombe na mtama, anatoka alfajiri kwenda lamboni, anarudi amechoka, na Kisukuma chake kilikuwa kizito kwangu. Watoto wa pale walikicheka Kiswahili changu cha mjini. "Mzungu wa Kahama," waliniita, wakaenda kuchunga bila mimi. Nilikuwa mpweke, niseme tu wazi, maana nikijifanya jasiri nitakuwa nadanganya. Kiangazi cha Samuye kina mchana mrefu kupita kiasi. Upepo, vumbi, hakuna jani, hakuna mtu, na mimi nimekaa kwenye kivuli cha kihenge cha mtama nimezungukwa na picha.

Nilizisoma hivi. Mama ameenda machimboni. Karata ni za Mama. Kwa hiyo karata ni picha za machimbo. Hebu niambie kosa liko wapi. Mzee mwenye ndevu aliyesimama gizani na taa mkononi: huyo ni mchimbaji anatafuta. Mtu aliyening'inia kichwa chini kwa mguu mmoja: huyo anashushwa kwa kamba kwenye duara, maana nilishasikia kwamba shimo la wachimbaji linaitwa duara na watu hushuka humo kwa kamba. Vikombe vilikuwa vya chai ya Mama. Zile sarafu kubwa zinazong'aa hazikuhitaji maelezo. Ilikuwepo na ya mifupa: fuvu la mnyama limelala kwenye nyasi, maua yanachomoza kwenye matundu ya macho. Leo watu wazima na akili zao kwenye kundi letu wakiitoa hiyo wanashika vifua, maana ndiyo karata ya Kifo. Mimi nilijua ni ng'ombe aliyekufa kwa kiangazi, nilishaona wengi, nikampita. Baadhi ya watu wa machimbo yale walikuwa na mabawa, na mwanamke mmoja alikuwa amelilaza joka mapajani, lakini hilo halikunipa tabu. Kharumwa sikuwahi kufika; nani aliniambia huko hakuna majoka?

Ile ya mnara ndiyo iliyonitesa. Mnara umepasuka, moto unatoka madirishani, watu wawili wanaanguka vichwa chini. Mnara sikuwa nimewahi kuuona kwa macho. Nilichokijua ni kwamba maduara hufukia watu. Bibi na wenzake walikuwa wakinong'onezana habari hizo wakidhani sielewi. Siku moja nikaishika ile karata kinyume bila kukusudia, juu ikawa chini, na lo, mnara ukawa shimo, na wale wawili hawaanguki tena. Wanapanda. Wamenyoosha mikono, wanatoka nje. Tangu siku hiyo sikuiweka wima tena, kila nikizipanga hiyo naigeuza, na bibi akiigusa wakati wa kufagia namfokea kama yeye ndiye mtoto. Miaka mingi baadaye nilipojua kwamba wasomaji wa taroti kweli huisoma karata iliyogeuka kwa maana nyingine, nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Na ilikuwepo Nyota. Mwanamke amepiga goti kando ya bwawa, ana mitungi miwili, mmoja anaumimina bwawani na mwingine ardhini, na nyota zimemzunguka kichwani. Hakufanana na Mama hata kidogo. Lakini katika wanawake wote wa karata zile, wengine walikuwa wamekaa kwenye viti vya kifahari wamenuna. Huyu peke yake ndiye aliyekuwa anafanya kazi. Basi nikajua huyo ndiye Mama.

Mama mwanzoni alikuwa akipiga simu kwa jirani. Kisha simu zikawa chache. Kisha kimya. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili haimpiti, kitambaa cheupe kichwani na sauti ya juu kwenye nyimbo, lakini jambo likimzidi aliijua na njia nyingine, na wewe wa huku unaijua pia, usijifanye mgeni. Asubuhi moja alikamata kifaranga, akanishika mkono, tukaenda kwa mfumu, yaani mzee wa kuagua.

Nilitegemea kitu cha kutisha. Nikamkuta mzee amevaa koti la suti lililochanika kiwiko, anatafuna michembe, vile viazi vya kukausha, na akanigawia. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia bibi, wakaulizana habari za nyumba na za ng'ombe, na bibi akaeleza shida yake. Kisha bibi mwenyewe akakifumbua kifaranga mdomo, akakitemea mate ndani, huku akikinong'oneza. Ndivyo ilivyo. Kifaranga hakijui habari zako mpaka kimeze mate yako. Mate ndiyo yanayobeba swali, na kikipasuliwa jibu linakutwa mle mle ndani.

"Na mimi niteme," nikasema.

"Mtoto hatemi," bibi akanijibu. "Mate ya mtoto yanachanganya habari."

Mfumu akafanya kazi yake. Alitazama chini ya mabawa, akatazama tumboni, hakuwa na haraka. "Ni mzima," akasema mwishoni. "Anakula. Yuko karibu na maji."

"Wabeja," bibi akashukuru. Sikuwahi kumwona bibi akifuta macho kabla ya hapo.

"Anarudi lini?" nikauliza mimi.

Bibi alinifinya, lakini mzee hakukasirika. "Hiki kimeulizwa kama ni mzima, kimejibu," aliniambia. "Hakijaulizwa lingine, ng'wana wane. Hakiwezi kusema kitu ambacho hakikuulizwa."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimefura. Swali gani hilo? Mzima! Kwani nani alisema si mzima? Mtu amepewa nafasi ya kuuliza chochote duniani, halafu anauliza hilo? Niliona bibi kapoteza kifaranga bure. Swali lilikuwa moja tu, anarudi lini, na halikuulizwa kwa sababu mate hayakuwa yangu.

Kesho yake bibi alipotoka na ng'ombe, nikaitoa Nyota kwenye kiboksi nikailamba.

Niliilamba usoni, pale kwa yule mwanamke, maana mate lazima yaingie kwa mwenyewe. "Mama anarudi leo?" nikaiuliza. Karata zile hazikuwa na ile ngozi ya plastiki ambayo siku hizi tunazibandika juu, hiyo laminesheni. Zilikuwa karatasi nene tu, laini, iliyo wazi. Mate yakakaa kidogo yanang'aa, kisha yakafifia, kisha yakazama. Karata ikayanywa. Kifaranga kimemeza, nikasema, jibu ni ndiyo. Nikavaa gauni langu zuri, nikaenda kukaa kando ya barabara ya lami.

Mabasi ya kutoka Kahama yakapita. Mengine yalisimama, watu wakashuka na ndoo zao na magodoro, wakanipita. Jua lilipopoa nikarudi.

Niliuliza tena kesho yake, na kesho yake tena. Karata ilikunywa kila mara, kwa sababu karatasi isiyofunikwa hunywa, hiyo ndiyo tabia yake, na leo naweza kukaa na mteja nikamweleza saa nzima kwa nini. Wakati ule nani angenieleza? Mimi nilikuwa naambiwa ndiyo kila asubuhi ya Mungu. Sikuilaumu karata hata siku moja. Nilidhani labda leo yangu na leo ya Mama hazijakutana tu. Wanawake wanaotoka kuuza maziwa walizoea kuniona pale.

"Unamsubiri nani, mayu?"

"Mama."

"Kasema anakuja?"

"Ndiyo."

Walitazamana wakaendelea na safari yao. Mmoja alikuwa akiniachia maziwa kwenye kifuniko cha chupa, nami nayanywa nikiwa nimesimama ili nisilipitishe basi.

Ila karatasi haiwezi kulambwa daima. Pua ndiyo iliyoanza kutoka, kisha jicho, kisha karatasi ikaanza kufanya manyoya manyoya. Asubuhi moja nikatazama nikakuta mwanamke wangu hana uso. Mitungi ipo, maji yapo, nyota zipo, na pale penye uso ni weupe tu. Jamani, niliogopa. Nilijua nimemfuta. Nilijua kwamba huko Kharumwa wakati huo huo Mama amesimama na mwiko mkononi na watu wanamtazama hawaoni sura. Sikumwambia bibi. Niliirudisha karata kwenye kiboksi, na barabarani sikwenda tena. Nilikaa kwenye kivuli cha kihenge bila kufanya kitu chochote, na nikajua sasa niko peke yangu kweli, na kwamba ni mimi niliyejifanya hivyo.

Ndipo akaja. Siku ambayo sikuuliza kitu.

Ilikuwa alasiri. Nilisikia kigelegele cha bibi, nikachungulia, nikaona mwanamke amesimama uani na mfuko wa plastiki. Amekonda. Vumbi jekundu la machimbo limemwingia mpaka kwenye kope. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtazama uso kama upo. Ulikuwepo, lakini sikuwa na hakika kama ni ule wa kwake.

"Shikamoo," nikasema kutoka mbali, kama unavyomwamkia mgeni.

Mama alikuwa amefungua mikono. Akaishusha. "Marahaba," akaitikia, kwa sauti ndogo iliyokauka kwa moshi.

Alikuwa ameniletea sweta ya shule. Akanivalisha mwenyewe. Ikakwama mabegani, akaivuta, ikakwama viwikoni, akaivuta. "Ikifuliwa italegea," akasema. Yeye, mfua nguo, anayejua kuliko watu wote kwamba sweta ikifuliwa hairefuki. Alikuwa ameinunua kwa kipimo cha yule mtoto aliyemwacha. Bibi akaenda kukuna nazi ambayo hatukuwa nayo, yaani alitafuta tu sababu ya kutupisha.

"Karata zangu ziko wapi?" Mama akauliza.

Nikalileta boksi. Hakusahau, unaona. Akatandika mkeka pale penye kivuli, akaziweka katikati yetu. "Haya, mwalimu. Nieleze."

Nikaeleza. Mwanzoni kwa woga, kisha maneno yakafunguka, na taratibu nikasogea mpaka goti langu likagusa lake. Nikamweleza mzee mwenye taa, na aliyeshushwa kwa kamba, na ng'ombe aliyekufa kiangazi. Alicheka kile kicheko chake, kilekile cha kukaa chini, ila tayari alikuwa amekaa. Kwenye vikombe vya chai akasema, "Hivi vichache, mie naosha ndoo nzima." Nilipofika kwenye mnara nikaugeuza, nikamwonyesha watu wanavyotoka. Hapo hakucheka. Aliishika ile karata kwa muda mrefu.

"Ukiigeuza hivi wanatoka?" akaniuliza.

"Ndiyo. Mimi naigeuza kila siku."

"Usiache," akasema.

Kisha Nyota. Nilitaka kuificha chini ya paja akawa ameshaiona. Akaigeuza huku na huku. "Huyu nani kamlamba uso?"

Mtu mwingine angeuliza nani kaichafua, nani kaimwagia maji. Mama hakuuliza hivyo. Alikuwa mtoto wa Samuye.

"Mimi."

"Ulikuwa unamuuliza nini?"

"Kama unarudi leo."

"Akawa anasemaje?"

"Anasema ndiyo. Kila siku."

Mama aliangalia pembeni, kule kwenye zizi. Aliporudisha uso, akaisogeza karata mdomoni, akailamba pale pale penye weupe, akanong'ona kitu ambacho sikukisikia. Tukakaa tunatazama mate yanavyozama.

"Umeuliza nini, Mama?"

"Swali la mtu halisemwi kwa mwingine." Akaikunja ndani ya kitambaa, akaifunga kwenye pindo la kitenge, pale wanawake wanapoweka vitu vyao vya maana. "Hii nakwenda nayo. Mimi nikirudi, nayo inarudi. Boksi libaki kwako, ili ujue lina pengo."

Asubuhi akaondoka kwenda kumalizia kazi aliyoiacha. Safari hii nililia mpaka nikatapika, na sweta ilikuwa imenibana kifua.

Hakurudi. Niseme lililopo. Mjomba alimfuata Kharumwa, akaambiwa alikuwepo, alipika hapo, kisha kikasikika kishindo cha rashi nyingine mbele zaidi akaondoka na wenzake. Mjomba alipofika huko mbele akaambiwa wamepita. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema amemwona. Watu wa machimbo wanahama, majina wanabadilisha, namba za simu wanatupa. Mpaka leo sijui.

Bibi aliendelea kukamata vifaranga. Hata macho yalipomwishia aliwapapasa chini ya kitanda, akanituma nimshike mkono, na nilipokuwa mkubwa wa kutosha akaniambia nikitaka niteme mimi. Sikutaka. Nilikuwa nimeshakuwa msomi wa sekondari. Akatema yeye, na swali lake likabaki lilelile. Nikamwambia mara moja, bibi, kwa nini usiulize kingine, uliza yuko wapi, uliza kwa nini. Akanitazama upande ambao sipo, kwa macho yale. "Hayo mengine ni ya mtu mwenye uhakika," akasema. Nilidhani ni uzee. Alifariki akiwa amejibiwa kwamba binti yake ni mzima.

Ile seti yangu ninayo. Imepinda, harufu ya sabuni iliisha zamani, na mkusanyaji huwezi kumpa hata bure, kwa sababu imepungua karata moja na seti pungufu haina hadhi. Nimenunua nyingine nyingi tangu hapo, nzuri, kamili, zimejipanga kabatini. Jioni nikifunga duka narudi kwenye chumba changu, nazipanga mezani peke yangu. Mnara nikiutoa naugeuza. Nimeambiwa nisiache.

Simu ikalia. Neema. "Vipi dada, umefika wapi?"

"Nipe muda," nikamwandikia.

Nikaitafuta Nyota yake. Kaichora vizuri, huyu mtoto. Mwanamke wa Neema hainami. Amepiga goti lakini kainua uso, anamtazama anayemtazama, na nywele zake ndizo maji yenyewe, zinashuka mpaka bwawani. Ana uso mzima, wa mtu unayeweza kumwita akageuka. Niliitazama mpaka nikasahau kwamba niko kazini. Kisha mimi, mtu ninayewagombeza watu kwenye kundi kwa kushika karata na mikono yenye mafuta, niliisogeza mdomoni nikailamba.

Nilifungua mdomo kuuliza lile swali langu la barabarani, nikakuta halipo. Sijui liliisha lini. Nililolikuta ni la bibi.

"Ni mzima?" nikaiuliza.

Nikaiweka mezani nikasubiri. Mate yalikaa juu ya ule uso, yameviringana, yanang'aa. Nikasubiri. Nikasogeza taa. Karatasi ni bora, imefunikwa pande zote mbili, laminesheni ya hali ya juu kabisa, mimi mwenyewe nisingefanya vizuri kuliko hivyo. Yalikaa tu. Mwishowe nikachukua pindo la kanga nikayafuta, na karata ikawa safi, haina alama, kana kwamba hakuna mtu aliyeuliza kitu.

Nikamwandikia Neema kwamba ni za kukusanya.

Alijibu hapohapo, nikajua alikuwa ameshika simu. Alifurahi, akaniletea mioyo na maua, kisha akauliza: "Na kwa kusomea dada? Zina kasoro gani?"

Niliandika, hazinywi. Nikaliangalia hilo neno. Nikalifuta, nikaandika kwamba zile kingo za dhahabu ni nzuri sana, nimezisugua na hazitoki.